Mafua ya Mgebuka

Hivi msomaji wangu, umeshawahi kuamshwa saa tisa za usiku na chafya? Siyo ya mumeo, siyo ya mtoto. Chafya ya paka. Ndogo, kavu, mfululizo, kama mtu anayehangaika kuwasha kiberiti kilicholowa. Unalala macho wazi unahesabu. Moja, mbili, tano, nane. Kisha kimya, na hicho kimya ndicho kinachokutoa kitandani kabisa, maana unataka kujua kama bado anapumua.

Nilifunga ndoa mwaka 2019. Mume wangu ni Muha wa Kasulu, na kazi yake wakati huo ilikuwa katika shirika moja lililohudumia wakimbizi kutoka Burundi kwenye kambi ya Nduta, wilayani Kibondo. Mimi nilikuwa Dar, mhariri, mtu wa foleni na kurasa ambazo lazima ziende kwa mchapaji kabla mwezi haujaisha. Ndoa yetu ilikuwa ya simu na likizo. Tulipendana sana kwa simu, sikufichi. Kila akija Dar au mimi nikienda ilikuwa sherehe, na nani anagombana siku ya sherehe?

Januari 2022 nikafungasha. Nilikubaliana na ofisi nitahariri nikiwa mbali na kutuma kurasa kwa intaneti. Shoga zangu wakanicheka: mtoto wa mjini unaenda kuishi Kibondo! Niliwaambia mapenzi hayana ramani. Nilipofika nikakuta kweli pazuri: milima, baridi ya asubuhi inayokufanya utafute sweta, asali, maharage yaliyoungwa kwa mawese mpaka ukala na kusahau chipsi. Ila mwenzangu alikuwa anapitiwa na gari la kazi alfajiri na kurudi jioni amechoka, na mimi nabaki na kompyuta, mvua ya bati, na intaneti inayokuja na kuondoka kama mgeni asiye na haya. Ikifika saa nane mchana nilikuwa naongea na sufuria.

Ndipo nikasikia habari za bibi mmoja Kasulu, muuguzi mstaafu, anayelea paka waliotelekezwa. Kambi ya Mtendeli, kule Kakonko, ilifungwa mwaka 2021, na miradi mingine nayo ikawa inapungua. Watu mikataba inaisha, wanafungasha, wanaondoka. Televisheni inauzwa, godoro linauzwa, paka anaachwa kwenye ngazi. Huyo bibi alikuwa anawaokota. Hakuwa na bango wala ofisi, alikuwa na uani tu, na nilipofika mwezi Machi uani huo ulikuwa na paka 14, ndama mmoja, na harufu ya dagaa inayokushika mpaka kwenye nywele.

Nilimwona palepale. Wa milia ya kijivu, umri wa wiki kama saba hivi, amekaa peke yake kwenye ukingo wa karai. Jicho moja lilikuwa linatoa machozi. Nikajisemea moyoni, ni moshi tu wa jiko. Bibi akaniangalia nilivyomshika, akasema, "Mwanangu, huyo ana mafua. Chukua yule mweusi, yule mzima."

Nikajibu, "Bibi, mimi nataka huyu huyu."

Kwa hiyo naomba nieleweke: nilionywa. Niliambiwa mapema, kwa Kiswahili safi, na mtu aliyefanya kazi ya uuguzi maisha yake yote. Siwezi kumlaumu yeyote.

Safari ya kurudi ilikuwa ndani ya boksi la sabuni, juu ya mapaja yangu. Barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo ilikuwa bado inajengwa, mvua za Machi zimegeuza mchepuko kuwa uji, gari linateleza, mtoto analia kwenye boksi. Nikampa jina la samaki wa nyumbani kwa mume wangu, Mgebuka, nikidhani mwenye nyumba atafurahi. Aliporudi jioni akasimama mlangoni na viatu vyake vya matope, akaangalia boksi, akaniangalia mimi. "Si ungeniuliza kwanza?" Halafu akaenda kuoga. Hayo tu. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, sifa niliyokuwa naiona ya kiume sana nilipokuwa naishi kilomita zaidi ya elfu moja kutoka alipo.

Siku ya tatu Mgebuka akaacha kula. Jicho la pili nalo likaziba, pua ikajaa kamasi nzito ya njano, akawa anapumua kwa mdomo. Mwili wa moto. Na mimi, msomi mwenye shahada ya mawasiliano, nikafanya nini? Nikavunja robo ya kidonge cha parasetamoli, nikakiponda kwenye kijiko na maji. Si ndivyo tunavyofanya kwa binadamu mwenye homa?

Kilichomwokoa ni umbea. Nilikuwa nimempigia shoga yangu tuliyesoma naye sekondari, ambaye baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kusomea udaktari wa mifugo. Nilitaka tu kulalamika juu ya mume. Katikati ya malalamiko nikamtajia kijiko. Wee! Alipiga kelele nikaondoa simu sikioni. "Usimpe! Mwaga sasa hivi! Utamuua!" Akanieleza kwamba ini la paka halina uwezo wa kuisafisha dawa hiyo kama letu. Ikiingia mwilini mwake inaharibu damu isiweze kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya kahawia au bluu, na kidonge kimoja tu kinatosha kumuua paka mkubwa, sembuse mtoto wa gramu 600. Nilimwaga. Mikono ilikuwa inatetemeka hadi nikamwagia na zulia.

Kisha akanifundisha, kwa simu, usiku ule. Mafua ya paka mara nyingi yanatokana na virusi viwili: herpesi ya paka, ambayo siyo ile ya binadamu, na kalisivirusi. Hushambulia zaidi watoto waliosongamana, iwe ni kituo kikubwa cha London au uani kwa bibi Kasulu, maana vinaruka na chafya, vinakaa kwenye bakuli, kwenye mikono, kwenye nguo. Dawa ya kuviua virusi vyenyewe haikuwepo dukani kwetu. Kinachowezekana ni kumsaidia apumue, ale, na kuzuia bakteria wanaokuja nyuma kula mabaki. "Paka anakula kwa pua," akasema. "Asiponusa chakula, kwake siyo chakula. Asipokula siku mbili tatu, mtoto kama huyo anakwenda."

Asubuhi nilimpeleka kwa daktari wa mifugo pale mjini, mzee mwenye mikono ya kushika ng'ombe. Alimpokea Mgebuka kwenye kiganja kimoja, akacheka kidogo, lakini alimpima kwa makini, akaongea na shoga yangu kwa simu yangu, wakakubaliana: doksisaiklini, na mafuta ya macho ya tetrasaiklini. Dawa zilipatikana duka la dawa za binadamu. Dada wa dukani akasoma karatasi, akaisoma tena. "Mama, hii dozi ni ya nani? Kidonge kimoja cha miligramu 100 agawane mara 16?" Nikamwambia mgonjwa ni mdogo. Akauliza ana miezi mingapi. Nikasema miwili. Akakunja uso kwa huruma: "Pole, mama. Wa kwanza?"

Msomaji, nilitingisha kichwa kama ndiyo. Nikalipa, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la bodaboda nikalia.

Maana hapo sijakwambia jambo lingine. Tulikuwa na miaka miwili tunatafuta mtoto. Kila mtu alijua isipokuwa sisi wawili. Namaanisha hatukuwahi kulisema kwa sauti. Tulipokuwa mbalimbali kulikuwa na kisingizio kizuri, mtoto atapatikanaje kwa simu? Sasa nilikuwa nimehamia, na kisingizio kimeisha.

Basi, sitakuandikia vipimo vya dawa hapa, hiyo ni kazi ya daktari wako. Nitakuandikia yaliyobaki. Ile dawa, ukishampa, lazima umfuatishie maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana ikikwama kooni inaunguza. Macho unayasafisha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, pamba moja kwa jicho moja, unatupa. Bakuli lake unaliosha kwa maji ya klorini. Chakula nilichemsha dagaa wa Kigoma, nikawasaga na supu yao, nikampa yakiwa ya vuguvugu ili harufu ipande. Nyumba nzima ilinuka soko. Siku ya pili ya dagaa alitoa ulimi, akalamba kidole changu mara tatu. Hakuna zawadi ya ndoa niliyowahi kuipata iliyonifurahisha hivyo, na nilipewa friji.

Na mvuke. Ndoo ya maji ya moto kutoka jikoni kwa mkaa, bafuni, mlango umefungwa, unakaa naye dakika kumi na tano mbali na ndoo asije akaungua, kamasi zinalegea. Asubuhi na usiku. Mume wangu alikuwa anatuona tunaingia, anatuona tunatoka tumelowa jasho, hasemi kitu. Siku moja tu alisema, "Paka anapigwa nyungu," akarudi kwenye taarifa ya habari.

Kufika Pasaka Mgebuka alikuwa amechangamka, anakimbiza kivuli chake. Tukaenda naye Kasulu kwa wakwe. Mama mkwe ni mtu wa upendo, ila upendo wake una maswali. Baada ya ugali wa muhogo akamtazama paka aliyelala kwenye gauni langu. "Kwa hiyo mkwe wangu, ndiyo mnalea?" Wifi zangu wakaangalia sahani. Mume wangu akaangalia simu. Mimi nikasema, "Ndiyo mama, tunalea," kwa tabasamu lile la kwenye picha.

Alipomsikia anakoroma puani akasimama kutafuta majani ya mkaratusi. Mama ni mtaalamu wa kujifukiza tangu mwaka 2020, mtaa mzima ulipita kwenye sufuria yake. Ikabidi nimzuie kwa adabu zote, kwamba mafuta ya mkaratusi ni sumu kwa paka, mvuke wake uwe wa maji matupu. Mama akakaa. "Haya. Wasomi." Kisha akaongeza kwamba nyumba yenye paka wa mafua itampa mtoto pumu. Nilitaka kujibu kwamba virusi vile haviambukizi binadamu, na kwamba mwenye mzio wa manyoya ni habari nyingine. Lakini mtoto gani? Tulikuwa tunamlinda mtoto ambaye hayupo.

Wiki moja baada ya kurudi Kibondo, mafua yakarudi. Yote. Jicho, kamasi, kugoma kula, chafya za saa tisa. Nilimpigia shoga yangu nikiwa nimekata tamaa, nikamwambia dawa imeshindwa. Akasema haikushindwa. Herpesi ya paka ikishaingia haitoki. Karibu wote walioambukizwa hubaki nayo, imejificha kwenye mishipa ya fahamu, kimya, mpaka paka apate msukosuko: safari, kuhama, nyumba ngeni, kelele. Hapo inaamka, na mafua yanaonekana siku kadhaa baadaye, ndiyo maana mtu haunganishi. "Angalia nyuma kama wiki moja," akaniambia. "Ulimfanya nini?"

Nilimpeleka ukweni, nikajibu. Akacheka mpaka akakohoa.

Lakini nyumbani hakuna aliyecheka. Mume wangu alisema lile alilokuwa amelishikilia tangu siku ya boksi. Turudishe paka. Tunamaliza hela, hatulali, na mwisho atakufa tu halafu nianze kulia. Nikamwambia wewe kila kitu kikiwa kigumu unasubiri kiishe chenyewe. Akauliza nina maana gani. Nikasema unajua nina maana gani. Tukalala mgongo kwa mgongo, katikati yetu mnyama anakoroma kama trekta dogo.

Usiku ule sikusikia chafya. Kilichoniamsha ni kitanda kuwa kitupu. Bafuni kuna mwanga. Nikasukuma mlango, mvuke ukanipiga usoni, nikamkuta mume wangu amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kifua wazi, Mgebuka kwenye taulo juu ya mapaja yake, anamfuta pua kwa pamba. Alikuwa anafanya sawasawa kabisa. Pamba moja, anatupa, pamba nyingine. Kumbe siku zote zile alikuwa anaangalia.

Nikakaa sakafuni. Hakuniangalia. Akasema, "Mimi naogopa kupima."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani anasema homa ya paka.

"Niliposoma sekondari nilipata matubwitubwi," akasema. "Yalishuka mpaka chini. Nilikuwa mkubwa, nilikuwa kidato cha tatu. Watu walisema maneno. Nikajiambia nikipima, halafu ikawa kweli, wewe utarudi Dar."

Kumbe miaka yote nilikuwa nafikiri yeye anafikiri tatizo ni mimi. Na mimi nilikuwa nimeshapima, Dar, mwaka 2021, peke yangu, na sikumwambia, nikiogopa ataona namtuhumu. Nikamwambia pale pale. Tukabaki tunaangaliana kwenye mvuke kama watu wawili waliokutana hospitali moja, kila mmoja amekuja kwa kujificha. Kusema ukweli matubwitubwi yakishuka baada ya balehe yanaweza kupunguza uwezo wa mwanaume, lakini wengi hawabaki tasa kabisa. Hilo nililisoma baadaye. Usiku ule tulijua tu kwamba maji yamepoa, na kwamba paka amelala.

Tulikwenda wote baada ya wiki mbili. Majibu yetu hayatachapishwa hapa, ni ya watu wawili na daktari mmoja. Ninachoweza kukwambia ni kwamba tulikaa kwenye benchi moja, tukaitwa pamoja, na kwamba njiani hatukuzungumza habari za barabara.

Julai shoga yangu alipita akielekea Kigoma, akalala kwetu. Akamfungua Mgebuka mdomo kwa tochi, akaminya juu ya kaakaa kuona kama kuna kinyama kimeota nyuma ya pua, maana paka wadogo huweza kuota kinyama kikaziba njia, na hicho kinatolewa. Hakikuwepo. Akatuambia ukweli. Ndani ya pua ya paka kuna mifupa myembamba iliyojikunja kama karatasi, kazi yake kuchuja hewa na kuipasha joto. Virusi vikishambulia akiwa mtoto huila, na ikishaliwa hairudi. Bakteria wanapata pa kujificha maisha. Chanjo apate, itamsaidia asizidiwe, na ya kichaa cha mbwa asikose kabisa, lakini mafua haya ni yake. Atakuwa na vipindi. "Siyo wa kupona," alisema, "ni wa kutunzwa."

Mume wangu akauliza ataishi miaka mingapi hivyo. Akajibiwa, mingi tu, mkimzoea.

Nina daftari. Mhariri bila daftari ni nani? Nimeandika kila kurudi kwa ugonjwa na kilichotangulia. Pasaka, Kasulu. Juni, mafundi wa paa. Agosti tarehe 23, sensa ya mwaka 2022. Karani aliketi sebuleni muda mrefu, kishkwambi mkononi, akauliza nyumba hii ina watu wangapi. "Wawili," mume wangu akajibu, na kutoka chini ya kochi ikaja chafya. Karani akageuka. "Wawili," mume wangu akarudia, ila safari hii anacheka. Siku nane baadaye jicho likaziba, tukaanza ndoo. Kipindi hicho kilikuwa cha kiangazi, vumbi la Kibondo linaingia hata kwenye sukari, na kikachukua wiki mbili badala ya moja. Tukajifunza kutandika shuka lililolowa dirishani.

Nilirudi kwa bibi mwaka ule kumpelekea unga na dagaa. Sikwenda kushitaki, ila nadhani uso wangu ulikuwa na swali, maana alinijibu kabla sijauliza. Alikuwa ametenga wagonjwa kwenye banda la kuku la zamani, kila mmoja na bakuli lake, anawahudumia wao mwisho, ananawa mpaka kwenye viwiko. "Mwanangu," akasema, "hapa hakuna aliyekuja mzima." Yule mweusi, yule mzima niliyemkataa? Naye aliumwa, baada yangu. Akapona, akachukuliwa na mwalimu.

Mgebuka leo ni paka wa kilo nne, mnene wa tumbo, anayekoroma kuliko baba yake. Hatuendi naye tena Kasulu. Tukisafiri, mmoja anabaki, na mara nyingi anayeomba kubaki siyo mimi. Likizo iliyopita nilikwenda ukweni peke yangu. Nilipofika, kabla ya maji, kabla ya kiti, nikapiga magoti kumwamkia mama mkwe. "Shikamoo mama." "Marahaba mkwe. Yule mwenye mafua anapumua?"

"Anapumua, mama."

"Na mume wako?"

"Naye."

Akachukua begi langu, akaingia nalo ndani.